Kiti ni cha Kinyozi, Shingo ni Yako: Mwongozo wa Kunyolewa Ndevu kwa Wembe

Mwongozo huu ni wa mwanamume wa Kagondo, iwe Kagondo ya Manispaa ya Bukoba au Kagondo ya Muleba yenye hospitali, anayetaka kukaa kwenye kiti cha kinyozi, anyolewe ndevu kwa wembe, kisha ainuke na uso laini usio na damu, vipele wala wasiwasi. Unamfaa pia mzazi anayempeleka kijana wake kunyolewa kwa mara ya kwanza, na bwana harusi anayehesabu siku.

Kunyolewa kwa wembe ni kazi ya watu wawili. Kinyozi anashika wembe. Wewe unaamua wembe upi utumike, uelekee wapi na usimame lini. Wateja wengi wanaotoka saluni wakivuja damu au wakiwashwa walikuwa na haki ya kusema neno, ila waliona haya kulisema. Ukimaliza kusoma, utakuwa na maneno hayo na utajua wakati wa kuyatamka.

WEMBE UNAFANYA NINI AMBACHO MASHINE HAIFANYI

Mashine ya kunyolea hukata ndevu juu kidogo ya ngozi na kuacha vishina. Wembe hukata usawa wa ngozi yenyewe. Ndiyo maana shavu lililopitiwa na wembe huwa laini, na mstari uliochongwa kwa wembe huonekana umenyooka kuliko wa mashine. Wembe pia hautegemei umeme, jambo ambalo kila mteja aliyewahi kuachwa na nusu ya ndevu umeme ulipokatika analielewa vizuri.

Ukaribu huo una gharama zake, na ni vema uzijue kabla hujakaa:

- Wembe huondoa ndevu pamoja na tabaka jembamba la juu la ngozi. Hata usipoona damu, ngozi imebaki na michubuko midogo ambayo vijidudu vinaweza kupitia.
- Ndevu zetu nyingi hujikunja. Zikikatwa chini sana, ncha iliyochongoka hujipinda na kurudi ndani ya ngozi. Hapo ndipo vinapotokea vipele vya ndevu vinavyowasha, kutunga usaha na kuacha madoa meusi.
- Wembe uliotumika hubeba damu ya aliyetangulia, hata pale jicho lisipoiona.

Nani asinyolewe kwa wembe kwa sasa? Ahirisha, au omba mashine inayoacha ndevu fupi, kama una lolote kati ya haya:

- Vipele vibichi, majipu, mapunye au vidonda vya mdomoni.
- Historia ya makovu yanayovimba, yaani keloidi, hasa kisogoni na kidevuni.
- Dawa za kuzuia damu kuganda, au ugonjwa unaofanya damu isikauke haraka.
- Kisukari ambacho sukari yake haijatulia. Vidonda vidogo huchelewa kupona.

KWA NINI USAFI UNATANGULIA UREMBO

Watu wa Kagera hawahitaji kuhadithiwa habari za damu. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa mwaka 1983 katika mkoa huu, Hospitali ya Ndolage, Muleba. Katika miaka iliyofuata, wazee wetu walijifunza kwamba kila mtu awe na wembe wake. Funzo hilo lilikuwa sahihi na halijazeeka.

Ni vizuri hata hivyo kuijua hatari kwa kipimo chake. Virusi vya UKIMWI hudhoofika damu inapokauka, hivyo uwezekano wa kuvipata kwa kinyozi ni mdogo, ingawa haupaswi kupuuzwa. Hatari kubwa zaidi ni homa ya ini aina ya B. Virusi vyake vinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata katika tone la damu lililokauka juu ya wembe, na kiasi kidogo sana cha damu kinatosha kuambukiza. Zaidi ya hayo kuna homa ya ini C, mapunye na bakteria wanaoleta majipu.

Habari njema ni kwamba homa ya ini B ina chanjo. Watoto wa Tanzania walianza kuipata katika ratiba ya kawaida ya chanjo mwaka 2002. Kama ulizaliwa kabla ya hapo, huenda hujachanjwa. Nenda kituo cha afya upimwe kwanza. Ukikutwa huna maambukizi, mtu mzima hupewa dozi 3: ya kwanza siku hiyo, ya pili baada ya mwezi 1, na ya tatu mwezi wa 6. Huo ndio ulinzi utakaobaki nawe kwenye kila kiti utakachokalia.

UJUE WEMBE UTAKAOWEKEWA SHINGONI

Kwa kinyozi unaweza kukutana na nyembe za namna tatu.

1. Wembe wa kukunja wa kizamani. Ni chuma kimoja kizima kinachonolewa kwenye ukanda wa ngozi, na kilekile hutumika kwa kila mteja. Kuuondolea vijidudu kikamilifu kunahitaji mashine ya mvuke kama zile za hospitali, zinazofikisha nyuzi joto 121 kwa muda uliopimwa. Saluni ya mtaani haina mashine hiyo. Ukiuona, kataa kwa upole.

2. Kishikio cha kukunja chenye wembe wa kubadilisha. Umbo lake linafanana na ule wa kizamani, lakini makali huchomekwa na kuchomolewa. Huu ndio wembe wa kuukubali. Kila mteja anapata makali mapya, na kishikio kinamwezesha fundi kupima pembe ya kukatia.

3. Wembe mtupu ulioshikwa kwa vidole. Kona zake zote ziko wazi, vidole vya fundi huteleza kwenye povu, na akijikata yeye, damu yake inakuja usoni kwako. Unaweza kuvumilika kwa kuchonga mstari mfupi ukiwa mpya, lakini haufai kwa kunyoa uso mzima.

Kwenye kishikio cha kukunja kuna jambo moja linalowapita wengi. Makali yake mara nyingi ni nusu ya wembe wa kawaida wa makali mawili. Fundi huukunja wembe ukiwa bado ndani ya karatasi yake, ukavunjika vipande viwili kwa urefu. Kipande kimoja huingia kwenye kishikio, na cha pili hubaki. Kikibaki ndani ya karatasi bila kutumika, ni kisafi, tena kinafaa kubadilishia katikati ya kazi makali ya kwanza yakififia. Tatizo ni kipande kinacholala mezani bila karatasi. Hakuna anayeweza kukuthibitishia kilikotoka, hata fundi mwenyewe kwenye siku ya foleni.

> KANUNI YA KUSHIKA
> Wembe uvunjwe mbele ya macho yako, kutoka kwenye karatasi iliyofungwa. Nusu uliyoikuta imelala mezani ihesabu kuwa imekwisha kutumika.

JINSI YA KUMCHAGUA KINYOZI

Usichague kwa picha zilizobandikwa ukutani wala kwa ukubwa wa spika. Pita siku usiyo na haraka, kaa kwenye benchi kama mtu anayesubiri zamu, utazame anavyomhudumia mteja mwingine. Tazama haya:

☐ Ananawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kati ya mteja na mteja.
☐ Anafungua wembe mpya kwa kila mtu bila kukumbushwa.
☐ Ana kopo gumu lenye mfuniko la kutupia nyembe zilizotumika. Sakafuni na dirishani hakuna wembe.
☐ Taulo linalomgusa mteja ni kavu na limefuliwa. Hachovyi taulo moja kwenye beseni moja siku nzima.
☐ Vitana na vishikio vinalowekwa kwenye dawa, havipanguswi kwenye suruali.
☐ Taa au dirisha linamulika uso wa mteja vizuri.
☐ Anaongea na mteja kabla ya kuanza: anauliza anatakaje, anashika ngozi, anatazama ndevu zinavyolala.
☐ Hashiki simu na wembe kwa wakati mmoja.

Alama tatu za kwanza hazina mjadala. Ikikosekana moja kati ya hizo, tafuta fundi mwingine au nyolewa kwa mashine tu.

> KISANDUKU: DAWA YA KUTAKASIA VIFAA
> Jiki ya kawaida yenye nguvu ya 3.5% huchanganywa kipimo 1 kwa vipimo 6 vya maji. Vifaa vioshwe kwanza kwa maji na sabuni, vilowekwe dakika 10, visuuzwe, vikaushwe. Mchanganyiko ubadilishwe kila siku. Kwa meno ya mashine, spiriti yenye nguvu ya 70% baada ya kupigwa brashi inafaa.
> Onyo: Hakuna dawa inayoufanya wembe uliotumika kuwa mpya. Kuupangusa kwa pamba yenye spiriti, au kuupitisha kwenye moto wa kiberiti kwa sekunde mbili, ni kuutuliza moyo wa mteja tu.

JIANDAE TANGU NYUMBANI

1. Acha ndevu zikue siku 2 au 3. Zikiwa fupi sana wembe hukwaruza ngozi tupu. Zikiwa ndefu kupita kiasi hunasa na kuvutwa.
2. Jua ndevu zako zinalala upande gani. Pitisha kidole shavuni, chini ya kidevu na shingoni. Upande unaoteleza ndiko ndevu zinakolala, na upande unaokwaruza ni kinyume chake. Shingoni watu wengi hukuta ndevu zinalala upande wa pembeni, au hata kwenda juu. Sehemu hiyo ndiyo inayotoa vipele kuliko zote, kwa hiyo kumbuka ulichokiona umwelekeze fundi.
3. Oga au nawa uso kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kabla ya kutoka. Kwa mtu anayetoka shambani au barabarani, vumbi juu ya ngozi hufanya makali yafifie mapema na kuingiza uchafu kwenye michubuko.
4. Nenda ukiwa hujalewa na huna haraka. Mtu anayesinzia au kutikisika ndiye anayekatwa. Kazi ikifanywa vizuri huchukua kama nusu saa.
5. Beba mfuko wako mdogo wa kunyolea. Ndani yake weka paketi ya nyembe, kitaulo kisafi, kipande cha shabu na mafuta mepesi ya kujipaka. Wembe mmoja haufiki bei ya soda, na mfuko huu unakuondolea nusu ya maswali.

KWENYE KITI: HATUA KWA HATUA

Fuata mpangilio huu, na utambue pale hatua inaporukwa.

Hatua ya 1: Mapatano. Kabla hujafunikwa kitambaa, kubalianeni bei na kazi: ndevu zote, au shavu tu? Sharubu zibaki? Mstari wa shingo uwe wapi? Mwoneshe vipele, makovu na vinundu ulivyonavyo.

Hatua ya 2: Mikono. Fundi anawe ukiona. Mkoa wetu umepita kwenye mlipuko wa Marburg mara mbili, Bukoba Vijijini mwezi Machi 2023 na Biharamulo mwezi Januari 2025, na ugonjwa huo hupita kwenye damu na majimaji ya mwili wa mgonjwa. Ndoo yenye koki iliyosimama kwenye milango wakati ule inastahili kubaki pale siku zote.

Hatua ya 3: Shingo ifungwe. Kabla ya kitambaa cha saluni, tishu au kitaulo chako kizunguke shingo. Kitambaa kilichowagusa wengi kisiguse ngozi yako moja kwa moja.

Hatua ya 4: Kupunguza. Ndevu ndefu zipunguzwe kwanza kwa mashine au mkasi, ili wembe ukute kazi nyepesi.

Hatua ya 5: Maji ya moto. Hapa ndipo fundi mzuri anapojitenga na wengine. Ndevu kavu ni ngumu. Zikinyonya maji ya moto kwa dakika 2 au 3 hulainika na kukatika bila kuvutwa. Taulo safi lichovywe kwenye maji ya moto, likamuliwe, likunjwe usoni likiacha pua wazi. Chupa ya chai iliyojaa maji ya moto inatosha kabisa, hata umeme ukiwa umekatika. Fundi alipime taulo kwenye kifundo cha mkono wake kabla ya kulileta kwako. Likiunguza, sema papo hapo.

Hatua ya 6: Povu. Krimu au sabuni ya kunyolea ipakwe kwa mikono iliyonawiwa, au kwa brashi uliyokwenda nayo. Brashi moja inayozunguka nyuso zote hubeba fangasi. Povu likae dakika moja au zaidi. Kama linakauka, liongezwe maji. Kunyoa juu ya povu lililokauka ni sawa na kunyoa kavu.

Hatua ya 7: Wembe ufunguliwe. Hapa usitazame simu. Tazama karatasi inavyofunguliwa, wembe unavyovunjwa na nusu inavyoingia kwenye kishikio.

Hatua ya 8: Mzunguko wa kwanza, kufuata ndevu zinavyolala. Kwa kawaida fundi huanzia chini ya masikio, hushuka shavuni, kisha kidevu na juu ya mdomo, na kumalizia shingoni. Mkono mmoja huvuta ngozi iwe bapa, mwingine husukuma wembe ukiwa umelala kwa pembe ya nyuzi 30 hivi. Wembe ukisimama zaidi ya hapo huchimba ngozi. Mikato iwe mifupi, mkono uwe mwepesi, na makali yafutwe povu mara kwa mara. Wewe tulia: usiongee, usimeze mate wembe ukiwa kooni. Ukitaka kukohoa au kupiga chafya, inua mkono, naye ataondoa wembe.

Hatua ya 9: Simameni mkague. Pitisha kidole. Kwa mtu mwenye historia ya vipele, kazi iishie hapa. Uso uliobaki na ukwaruzo kidogo leo ni bora kuliko uso laini leo wenye usaha baada ya siku tatu.

Hatua ya 10: Mzunguko wa pili, kwa asiyepata vipele. Povu lipakwe upya, kisha wembe upite kwa kukingama, yaani kutoka upande mmoja wa ndevu kwenda mwingine. Kunyoa kwa kupandisha kinyume cha ndevu kunaleta ulaini mkubwa na ndicho chanzo kikuu cha vipele. Kama ndevu zako zinajikunja, usikubali.

Hatua ya 11: Maji baridi. Povu lisuuzwe kwa maji safi ya baridi, uso upigwepigwe kwa kitaulo bila kusuguliwa. Sponji ya pamoja ya kupangusia nywele isiguse ngozi iliyotoka kunyolewa.

Hatua ya 12: Wembe utupwe mbele yako. Uingie kwenye kopo lenye mfuniko kabla hujainuka. Wembe unaotupwa uani huishia kwenye kibanja, chini ya majani ya migomba, mahali wanapopita watoto bila viatu.

MANENO YA KUSEMA, BILA UGOMVI

Wengi wetu tunajua tunachotaka, tatizo ni namna ya kumwambia fundi mbele za watu. Kinyozi mzuri hapendi kudhalilishwa, na wewe hupendi kuonekana mbishi. Sema mapema, sema kwa heshima, na sema ukimtazama kwenye kioo:

- Kuhusu wembe: "Fundi, naomba uufungue wembe hapa nikiona, waitu. Kama umekuishia, ninao wangu."
- Kuhusu vipele: "Kaka, ngozi yangu inatoa vipele. Fuata ndevu zinavyolala, usipandishe."
- Kuhusu maumivu: "Subiri kidogo, unavuta. Naomba ubadilishe makali au uongeze povu."
- Kuhusu taulo: "Tutumie hiki changu, mdogo wangu."
- Kuhusu kukataa kabisa: "Leo nimalizie kwa mashine tu, nitakulipa bei yako."

Kama fundi amekuzidi umri, anza na salamu na "shikamoo" yake kamili kabla ya ombi. Ombi hilohilo likitanguliwa na heshima hupokelewa kama ombi. Likitolewa wembe ukiwa tayari umefika shavuni, huonekana lawama.

> KISANDUKU: UKIKATWA
> 1. Inua mkono, wembe uondolewe usoni.
> 2. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usikamue damu.
> 3. Bana kwa pamba au tishu safi dakika 5 bila kuchungulia.
> 4. Paka shabu yako mwenyewe iliyoloweshwa maji. Kataa kipande cha shabu cha saluni kinachogusa damu za wateja wote.
> 5. Uliza: wembe ulikuwa mpya? Fundi naye amejikata?
>
> Kama wembe ulikuwa umetumika, au damu ya mtu mwingine imegusa jeraha lako: nenda kituo cha afya au hospitali siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Humezwa kwa siku 28. Kinga ya homa ya ini B nayo ni bora ianze ndani ya saa 24. Waulize pia kuhusu sindano ya pepopunda.
>
> Kama jeraha ni refu, limefunguka, au damu haijakoma baada ya dakika 15 za kubana: nenda hospitali bila kusubiri.

SIKU TATU BAADA YA KUNYOLEWA

- Saa chache za kwanza: Paka mafuta mepesi au ute wa mshubiri. Spiriti na manukato makali huchoma na kukausha ngozi iliyokwanguliwa. Ukihisi unayahitaji kwa ajili ya usafi, ujue maji safi na sabuni laini yanatosha.
- Siku ya kwanza: Usijisugue, na usivae kola ngumu inayokwaruza shingo. Badilisha foronya ya mto.
- Siku ya pili na ya tatu: Tazama shingo kwenye kioo. Kipele kimoja au viwili vikandwe kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika 10 mara mbili kwa siku.
- Vikiwa vingi: Acha wembe kwa wiki 4, ndevu zikue zitoke zenyewe. Ukirudi, omba mashine inayoacha ndevu zenye urefu wa milimita 1.

Onyo: Usitumbue kipele kwa kucha wala pini, na usichimbue ndevu iliyozama kwa sindano. Usinunue krimu ya kuondoa madoa kwa kuambiwa tu na jirani. Nyingi zina dawa kali zinazopunguza uvimbe kwa siku chache, kisha hudhoofisha ngozi na kufanya vipele virudi kwa nguvu. Vinundu vigumu vinavyoota kisogoni, uvimbe unaouma, usaha au homa ni kazi ya daktari.

MAKOSA YANAYOJIRUDIA

1. Kunyolewa kwa wembe mara ya kwanza asubuhi ya harusi. Ngozi haijulikani itaitikaje. Fanya jaribio wiki 3 kabla, kwa fundi yuleyule. Kazi yenyewe ifanyike siku moja kabla ya sherehe, uwekundu upate usiku wa kutulia.
2. Kwenda Desemba 24 jioni. Krismasi Bukoba na Muleba hujaa wanaorudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko. Foleni ikifika mlangoni, hatua za kwanza kurukwa ni kunawa mikono, maji ya moto na wembe mpya. Nenda siku tatu kabla, au asubuhi saluni inapofunguliwa.
3. Kuamini harufu ya spiriti. Harufu haimaanishi kitu kimetakaswa.
4. Kumwambia fundi "pitisha tena" mara ya nne na ya tano mahali palepale. Kila mpito huondoa ngozi. Mara mbili zinatosha.
5. Kunyolewa kila siku ukifuata ulaini. Ngozi inahitaji siku mbili tatu kujijenga.
6. Kuchangia wembe nyumbani kwa sababu "sisi ni ndugu". Homa ya ini haichagui ukoo. Kama kwenu bado mnanyoana nywele baada ya msiba, kila kichwa kipate wembe wake.
7. Kumwacha kijana aende peke yake mara ya kwanza. Mwenye miaka 15 hatathubutu kumkatalia fundi mzima. Mpeleke, mwoneshe wembe unavyofunguliwa, mwache asikie ukisema yale maneno.

ORODHA YA KUNAKILI KWENYE SIMU

☐ Ngozi yangu haina vipele wala vidonda.
☐ Nimebeba wembe, kitaulo na shabu.
☐ Tumekubaliana bei na kazi.
☐ Fundi amenawa.
☐ Taulo la moto dakika 2 au 3, kisha povu.
☐ Wembe umefunguliwa nikiona.
☐ Mzunguko wa kwanza umefuata ndevu zinavyolala.
☐ Maji baridi, hakuna sponji ya pamoja.
☐ Wembe umetupwa kwenye kopo nikiona.

Ukimpata fundi anayetimiza haya bila kusukumwa, mlipe bila kumnung'unikia, mpelekee wateja, na umwambie kwa nini umemchagua, kwa sababu usafi unamgharimu nyembe, sabuni na muda. Ukimkuta asiyetimiza, mweleze kwa faragha. Akikaidi na kuendelea kurudia nyembe, mjulishe afisa afya wa kata, maana anayefuata kukaa kwenye kiti hicho ni mdogo wako au baba yako. Usione haya kudai wembe mpya. Daima ni bei ndogo kuliko matibabu ya ini.